Mvomero ina Mzumbe, lakini fizikia ya kata iko wapi?

Basi la asubuhi kutoka Nyandira hushuka milima ya Uluguru likiwa limejaa abiria na mboga: kabichi, karoti na njegere zinazokwenda sokoni Morogoro. Linapita Mlali, kisha linaingia barabara kuu ya Iringa pale njia panda ya Sangasanga. Jirani na hapo ipo Shule ya Sekondari Mzumbe, mojawapo ya shule za serikali za vipaji maalumu, iliyo kundi moja na Ilboru, Kibaha, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Huko milimani lilikotoka basi na hapa Mzumbe ni wilaya moja, Mvomero. Ni halmashauri moja, mkurugenzi mmoja, afisa elimu sekondari mmoja.

Kwenye ramani, basi, Mvomero inaonekana wilaya iliyobarikiwa. Ina Mzumbe sekondari, ina Chuo Kikuu Mzumbe, na Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine kiko jirani tu, Morogoro mjini. Lakini Mzumbe sekondari huchukua wavulana kutoka kila pembe ya nchi, na ndivyo inavyopaswa kuwa; shule ya taifa ni ya taifa. Mtoto wa Kikeo au wa Maskati hapati nafasi ya ziada kwa sababu shule hiyo imejengwa wilayani kwake. Yeye ana shule yake ya kata. Ninachotaka tujiulize ni kama ndani ya shule hiyo ya kata kuna njia ya kumfikisha kidato cha tano kwenye darasa la PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PCB (fizikia, kemia na baiolojia), liwe Mzumbe, Tabora au popote pale atakapopangiwa.

Jibu la haraka ni kwamba njia ipo na ni moja kwa wote. Mtihani wa kidato cha nne ni mmoja nchi nzima. Mwanafunzi anajaza fomu ya machaguo, matokeo yanatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, inawapanga waliofikia vigezo: crediti tatu, yaani alama C au zaidi, katika masomo ya tahasusi (mchepuo wa masomo matatu) anayoiomba, na jumla ya pointi isiyovuka kiwango kilichowekwa. Kompyuta haiulizi baba yako ni nani. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 hata ada ya kidato cha tano na sita imeondolewa. Mimi nauheshimu utaratibu huu na ningeutetea mbele ya yeyote. Kuna nchi nyingi ambako mtoto wa mkulima wa karoti hawezi kabisa kuota kusoma shule ya bweni ya serikali upande wa pili wa nchi bila ada. Hapa kwetu anaweza.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya TAMISEMI inaweza kumpanga PCM yule tu aliyefanya mtihani wa fizikia. Asiyeufanya haonekani. Hakushindwa, hakukataliwa, hakuachwa. Hayumo tu kwenye hesabu. Na uamuzi wa nani afanye fizikia na nani asifanye haufanyiki Dodoma. Kwa vijana waliosoma mtaala uliotangulia, ulifanyika miaka miwili kabla ya mtihani, wakati wa kuingia kidato cha tatu, ndani ya ofisi ya mkuu wa shule ya kata, na mara nyingi ulitegemea jambo moja: shule ina mwalimu wa fizikia au haina.

Mtu aliyewahi kufundisha kwenye shule hizi anajua inavyokuwa. Chini ya mtaala huo, kidato cha kwanza na cha pili wanafunzi wote husoma masomo yote, angalau kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Kwenye ratiba fizikia ipo Jumanne na Alhamisi. Darasani, vipindi hivyo vinajisomea vyenyewe, au mwalimu wa jiografia anaingia kuwatuliza. Mwisho wa mwaka mtihani wa kidato cha pili unakuja, matokeo ya fizikia yanakuwa mabaya, kama ambavyo yangekuwa kwa mtoto yeyote duniani ambaye hakufundishwa. Kisha yale matokeo mabaya yanatumika kama ushahidi. "Wewe sayansi huiwezi, nenda arts." Maneno hayo husemwa kwa upole, na mwalimu mwenye nia njema kabisa, ambaye hataki mtoto aende kupata F ya bure. Kwenye kumbukumbu za shule jambo hilo huandikwa kuwa mwanafunzi amechagua masomo ya sanaa.

Hapo ndipo ninapopinga. Kuchagua ni pale unapokuwa na vitu viwili mbele yako. Wapo watoto wengi wanaoipenda historia na wanaostahili kuisoma, na sina nia ya kuzidharau tahasusi za sanaa kama HGL (historia, jiografia na Kiingereza) wala HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Mwanasheria na mwandishi wanatoka huko. Lakini mtoto aliyeingia huko kwa kuwa upande wa pili hakukuwa na mtu wa kumfundisha amepangiwa maisha na ikama ya walimu, yaani idadi ya walimu waliopo shuleni.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, turudi nyuma kidogo. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na agizo kwamba kila kata iwe na sekondari yake. Ndani ya miaka mitano idadi ya shule za sekondari nchini ilipanda kutoka chini kidogo ya 1,300 hadi zaidi ya 4,000. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya wananchi. Wazazi walibeba mawe, walifyatua matofali, walichangishwa fedha ambazo wengine hawakuwa nazo. Kabla ya hapo, mtoto aliyefaulu darasa la saba katika kata nyingi za vijijini alirudi shambani kwa kukosa nafasi. Wanaozibeza shule za kata leo wanasahau kwamba kabla yake hapakuwa na kitu cha kubeza.

Walimu ndio waliobaki nyuma ya majengo. Serikali ilijaribu njia za mkato. Waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Mitaani wakaitwa "voda fasta", jina la kejeli ambalo hawakulistahili, kwa sababu wengi wao ndio waliozishika shule hizo zisifungwe. Mwishoni mwa 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, ifikapo Novemba 2014. Muda ukaongezwa hadi Juni 2015. Michango ikarudi tena vijijini, kuta zikapanda. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati ili kuziba pengo. Mei 2016 wanafunzi wa mpango huo, zaidi ya 7,000, wakarudishwa nyumbani, na baadaye ni sehemu yao tu walioendelea katika vyuo vya ualimu. Unaweza kujadili sifa walizoingia nazo chuoni, na wengi walijadili sana wakati ule. Ninachokiona mimi ni kwamba maabara na mwalimu wake vilipangiwa ratiba mbili tofauti, na ya mwalimu ndiyo iliyovunjika.

Kwa hiyo katika kata nyingi za nchi hii kuna chumba kilichoandikwa "Maabara ya Fizikia" ambacho kinatumika kama darasa, stoo, au chumba cha mitihani. Mzazi aliyekichangia anapita nje yake akiamini mwanawe anasoma sayansi.

Sasa turudi Mvomero, kwa sababu jiografia yake inaonyesha vizuri jinsi upungufu unavyogawanywa. Wilaya hii ina barabara kuu mbili. Ile ya Iringa inapita Mzumbe, Doma na Melela. Ile ya Dodoma inapita Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Kaskazini iko Turiani na kiwanda cha sukari cha Mtibwa, ambako kuna maduka, hospitali na usafiri wa uhakika. Halafu ziko kata zilizopanda milimani: Kikeo, Bunduki na Tchenzema upande wa Uluguru, Maskati na Kibati upande wa Nguru. Masika yakichachamaa, safari ya huko inategemea hali ya tope.

Mwalimu wa fizikia ni mtu kama watu wengine. Ana mke au mume anayefanya kazi mjini, ana mtoto mwenye pumu anayehitaji hospitali, ana ndoto ya kusoma shahada ya pili jioni. Akipangiwa mlimani anaripoti, kwa kuwa ajira ni ngumu, anakaa mwaka mmoja au miwili, halafu anaanza kuomba uhamisho. Simlaumu. Mshahara wake ni uleule wa mwenzake wa pale barabarani, wakati gharama zake za kuishi na kusafiri ni kubwa zaidi, na nyumba ya mwalimu ama haipo ama inavuja. Akihama, mwenye kibali cha kuhamia kule juu hapatikani. Ndiyo maana ndani ya halmashauri moja, kwa bajeti moja na mwongozo mmoja, shule ya kando ya lami inaweza kuwa na walimu wawili wa hisabati huku ya mlimani ikimlipa kijana wa kidato cha sita anayejitolea, kwa michango ya wazazi.

Na tusisahau hesabu ya fedha. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, na katika hizo nusu ilitengwa kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa kutoka juu. Inabaki 12,500. Shule yenye wanafunzi 300, na shule nyingi za mlimani ni ndogo, inapata shilingi 3,750,000 za kugawanya miezi kumi na miwili: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, utawala. Ukiongeza fidia ya ada, ile serikali inayolipa badala ya mzazi, unapumua kidogo. Lakini kemikali za mtihani wa vitendo lazima zinunuliwe kila mwaka, ziwe za wanafunzi wanane au themanini, na bei yake haijui kwamba shule ni ndogo. Mkuu wa shule anayejikuna kichwa mbele ya orodha ya kemikali ana sababu nyingine, isiyo na ubaya wowote moyoni mwake, ya kutaka wanaosoma kemia wawe wachache. Ndiyo maana wapo watahiniwa wanaoishika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani linaumiza kuliko yote, na halizungumzwi. Ni namna tunavyoyasoma matokeo. Kila matokeo yakitoka, wilaya, mikoa na magazeti yanauliza asilimia ya ufaulu. Tuchukue mfano wa shule mbili zenye watahiniwa 90 kila moja. Ya kwanza imewaruhusu wanafunzi 8 tu kufanya fizikia, wakafaulu 6. Ya pili imewafundisha na kuwaandikisha 40, wakafaulu 18. Kwenye kikao cha tathmini, shule ya kwanza ina asilimia 75 na ya pili ina 45. Mkuu wa shule ya kwanza anapigiwa makofi, wa pili anatakiwa kujieleza. Ilhali wa pili ametoa vijana 18 waliofaulu fizikia, mara tatu ya mwenzake. Mwaka unaofuata, kama ni mtu wa kujifunza haraka, atajua la kufanya: atapunguza waandikishwaji.

Hisabati haina mlango huo wa kutokea, kwa kuwa ni lazima kwa wote, na ndiyo maana inatuonyesha sura halisi. Mwaka 2023 ufaulu wa hisabati kidato cha nne ulikuwa asilimia 25.42, na mwaka uliotangulia ulikuwa karibu asilimia 20. Hiyo ndiyo picha ya somo ambalo hakuna anayeruhusiwa kulikwepa. Fizikia inaonekana nzuri zaidi kwenye majedwali kwa sababu wengi waliokuwa wafeli, na wengi waliokuwa wafaulu pia, walishaondolewa kabla. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Ilikuwa hatua nzuri. Ilitupunguzia mbio zisizo na maana kati ya shule zinazochuja wanafunzi na shule zinazopokea kila mtoto. Lakini ndani ya halmashauri mbio zile bado zipo, kwa asilimia zilezile.

Baadhi watasema mambo yanabadilika. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, zikiwa katika makundi saba, kuanzia sayansi na lugha hadi michezo na sanaa. Mtaala mpya umekuja na mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Mpango wa SEQUIP, wa kuboresha elimu ya sekondari, umejenga shule mpya katika kata ambazo hazikuwa nazo, na shule za bweni za sayansi kwa wasichana zikapangwa katika kila mkoa. Haya yote nayakaribisha, hasa hilo la mwisho. Msichana wa Tchenzema ambaye hawezi kuingia Mzumbe kwa kuwa ni ya wavulana anahitaji mlango wake. Hata hivyo, orodha ndefu ya tahasusi haimwongezei kitu mtoto ambaye shule yake haikumfikisha hata kwenye zile za zamani. Anayetaka kusoma fizikia, hisabati na kompyuta kidato cha tano lazima kwanza awe amefundishwa fizikia na hisabati kidato cha pili. Tumepanua upande wa juu wa jengo ambalo ngazi yake ya chini haijawekwa.

Na pengo hilo halibaki kidato cha nne, linakua. Bodi ya Mikopo inatoa kipaumbele kwa waombaji wa kozi za sayansi, uhandisi, tiba na ualimu wa sayansi. Tangu 2022 upo ufadhili wa Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, unaolipia masomo ya chuo kikuu. Ni fedha za umma, na zimeelekezwa mahali panapohitajika. Lakini fuatilia mnyororo wake: mtoto aliyekosa mwalimu wa fizikia akiwa na miaka kumi na tano amekosa tahasusi ya sayansi, kwa hiyo amekosa kipaumbele cha mkopo, kwa hiyo amekosa ufadhili. Mwenzake wa wilaya hiyohiyo, aliyezaliwa kilometa arobaini chini ya mlima, amevipata vyote vitatu. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ni ya haki. Dhuluma iko mwanzoni, na kila hatua inayofuata inaipigia muhuri.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya uchache. Afisa elimu anaweza kuniambia: nina walimu wachache wa fizikia na shule nyingi, nikiwatawanya mmoja mmoja kila mmoja atakuwa mpweke na atahama, bora niwakusanye kwenye shule chache zenye maabara inayofanya kazi, walau watoto wa huko wafundishwe vizuri. Hoja hii ina ukweli. Mwalimu mmoja anayefundisha fizikia vidato vinne, na hisabati juu yake, anachoka ndani ya mwaka. Kidato cha tano na sita tunafanya hivyohivyo: tunakusanya. Lakini tunapokusanya kidato cha tano tunawakusanya na wanafunzi, tunawapa bweni na chakula. Huku chini tumewakusanya walimu na kuwaacha wanafunzi walipo. Ukikusanya, kusanya pande zote mbili.

Hilo linawezekana bila kusubiri Dodoma. Mvomero ina tarafa za Turiani, Mvomero, Mlali na Mgeta. Katika kila tarafa halmashauri inaweza kuteua sekondari moja iliyopo, yenye maabara na maji, iwe kituo cha sayansi cha tarafa, yenye walimu wasiopungua wawili wa fizikia na wawili wa hisabati, na hosteli kwa wanaotoka mbali. Mwanafunzi yeyote wa tarafa hiyo anayetaka sayansi, na ambaye shule yake haina mwalimu, awe na haki ya kuhamia pale wakati wa kuchagua masomo, bila mzazi kuzungushwa kwenye ofisi tatu kutafuta barua. Neno haki nimelitumia kwa makusudi. Leo uhamisho wa namna hiyo unapatikana kwa mzazi anayemjua mtu, au mwenye nauli ya kufuatilia. Mzazi wa Kikeo akishuka mara mbili bila majibu, mara ya tatu hashuki.

Kwa zile shule zinazobaki, mwalimu anaweza kuzunguka. Pikipiki moja na posho ya mafuta humwezesha mwalimu wa fizikia kuhudumia shule mbili au tatu jirani kwa siku maalumu za juma. Si ufumbuzi wa kudumu, na masika utakwama. Lakini vipindi viwili vya fizikia kwa juma kutoka kwa mtu anayeijua vinampa mtoto nafasi ya kugundua kama anaipenda. Posho na nyumba kwa walimu wa kata za juu ziwe jambo la kwanza kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, kabla ya jengo jingine lolote. Nasema hivi nikijua kwamba jengo huzinduliwa na posho haizinduliwi.

Kisha kuna hawa majirani wenye neema. Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine kinafundisha walimu wa sayansi, na kila mwaka wanachuo wake wa ualimu huenda kufundisha kwa vitendo mashuleni. Wengi hupenda kubaki mjini, na nani asingependa? Halmashauri ikiandaa malazi na chakula katika kata za Mgeta na Maskati, na chuo kikakubali kuwapeleka huko kwa makundi ya watatu au wanne, shule ambayo haijawahi kuwa na mwalimu wa fizikia itampata kwa wiki kadhaa kila mwaka, na pengine mmoja kati yao atapapenda mlimani. Mzumbe sekondari nayo ina maabara ambazo likizo za Juni na Desemba hazina watu. Kambi ya wiki mbili ya mazoezi kwa vitendo kwa wanafunzi wa sayansi wa shule za kata za wilaya hiyohiyo ingegharimu chakula, kemikali na posho za walimu wachache. Vijana hao wangelala kwenye mabweni ya shule wanayoisikia redioni.

Lakini kabla ya yote hayo nataka karatasi moja. Kila Novemba, kabla wanafunzi hawajapangiwa masomo ya mwaka unaofuata, halmashauri ibandike kwenye ofisi ya kila kata orodha ya sekondari zake zote, ikionyesha kwa kila shule: walimu wangapi wa fizikia, kemia na hisabati, wanafunzi wangapi wamesajiliwa kufanya masomo hayo kati ya wote waliopo, na wangapi wamepata crediti mwaka uliopita. Idadi ya vichwa, si asilimia peke yake. Orodha hiyo isomwe kwenye baraza la madiwani na kila diwani asimame na ya kata yake mkononi. Ikama ya jumla isituridhishe. Shule inaweza kuwa na walimu kumi na wawili, hesabu ikaonekana imekaa sawa, na wote kumi na wawili wakawa wa historia, Kiswahili na uraia. Takwimu hizi zipo tayari kwa afisa elimu, kwa sababu ndizo anazotuma TAMISEMI. Mzazi aliyebeba matofali ya maabara ana haki ya kuziona.

Muda si mrefu. Chini ya Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima ya miaka kumi. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia sekondari pamoja. Madarasa yataongezwa, hilo sina shaka nalo. Tunajua kujenga madarasa, tulijenga 12,000 ya sekondari kwa miezi michache mwishoni mwa 2021 kwa fedha za UVIKO. Shahada ya ualimu wa fizikia huchukua miaka mitatu. Mwalimu atakayesimama mbele ya kundi hilo Tchenzema mwaka 2028 anapaswa kuwa chuoni sasa hivi, na halmashauri inapaswa kuwa imeshaanza kupiga bati la nyumba yake.